Habari Inayokuja kwa Miguu

Niliisikia sauti ya mama kabla sijaona chochote. Asubuhi za baridi hapa Kilungu, ukungu hupanda kutoka bondeni ukafunika matuta ya shamba, migomba na choo chetu cha bati, hata ukisimama mlangoni unaona mkono wako na kikombe ulichoshika, basi. Ndani ya weupe ule mama alikuwa akiita. Aliita kwa Kikamba, akivuta mwisho wa kila neno mpaka livuke kijito: wazazi wote, mkutano wa shule ni Alhamisi, kila mtu aje na jembe. Kisha kimya. Halafu kutoka mlima wa pili, sauti nyembamba ya mwanamke mzee ikajibu, "Nimesikia!" Tukaisikia ikigeuka na kuyapeleka maneno yale upande wa nyuma, kwa watu ambao hatuwaoni hata siku ya jua.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Nairobi kumaliza riwaya iliyokataa kumalizika. Mama alikuwa mwakilishi wa wazazi wa gredi ya tisa, na kijiji kizima kilimwita hivyo, Mwakilishi, nusu kwa heshima na nusu kwa mzaha. Shule ilikuwa na kikundi cha wazazi kwenye simu, ambako mwalimu aliandika kila kitu: siku ya kufunga, siku ya mtihani, mahindi na maharagwe ya chakula cha watoto. Lakini ng'ambo ya bonde wengi walikuwa na simu ndogo za vitufe, kabambe, zinazoshinda zimezimwa zikingoja kupelekwa dukani kuwekwa chaji. Kwa hiyo mama alisoma kikundi usiku, na asubuhi aliziita habari zake.

Yule mzee aliyejibu tulimwita Susu, yaani nyanya, ingawa si wetu. Aliishi na mjukuu wake, msichana wa gredi ya tisa. Baba ya msichana, mwana pekee wa Susu aliyebaki, alikuwa utingo wa malori barabara ya Mombasa, na hakuna siku ambayo Susu alilala bila kumtaja katika maombi.

Si kila habari huitwa. Hilo nililijua utotoni bila kufundishwa, kama vile mtoto anavyojua asimruke mtu aliyelala. Harusi huitwa, ng'ombe aliyepotea huitwa, mkutano huitwa. Kifo hakiitwi. Kifo kinaletwa kwa miguu, asubuhi kabla umande haujakauka, na anayekileta hasemi kitu njiani. Akifika anakuomba ukae. Anasema hakuna neno baya, amepita tu kukusalimia. Anaendelea kusema hivyo mpaka wanawake wa jirani wafike wakushike. Habari ya baba yangu ilitufikia namna hiyo. Wazee wawili walitokea kwenye njia ya chini, viatu vimelowa, na mama aliangusha sufuria kabla hawajafungua mdomo.

Kiangazi kile sauti ya mama ilianza kukatika. Daktari alimwangalia kooni akasema ana vinundu kwenye nyuzi za sauti, na kwamba dawa ya kwanza ni kunyamaza. Asiseme, asiite, hata kunong'ona asinong'one. Akivunja, huenda sauti isirudi. Mama alitii. Nyumba yetu ikawa ya mikono na macho, na mlima ukanyamaza.

Kisha, wakati wa likizo fupi ya katikati ya muhula, ujumbe ukaingia kwenye kikundi jioni. Siku ya kuchagua shule za sekondari ya juu ilikuwa imebadilishwa. Ilikuwa iwe wiki ifuatayo, sasa ni kesho, kabla ya saa sita mchana. Kila mtoto wa gredi ya tisa aje na mzazi, wachague pamoja shule na mkondo wa masomo. Atakayekosa, mwalimu atamjazia palipobaki nafasi.

Mama alinionyesha simu, kisha akanyoosha kidole ng'ambo. Nilielewa. Mjukuu wa Susu alitaka mkondo wa sayansi na si kitu kingine. Mwaka uliotangulia ng'ombe wao alishindwa kuzaa, na msichana yule aliingiza mkono wake mwembamba akamgeuza ndama huku Susu akimshikia taa. Tangu siku hiyo alisema atasomea kutibu mifugo, na alilisema kama mtu anayetaja jina la ukoo wake. Kujaziwa palipobaki kungemaliza jambo hilo lote.

Tulipiga simu ya Susu. Ilikuwa imezimwa. Alfajiri nilisimama ukingoni mwa shamba nikaita mimi. Sauti yangu ilifika katikati ya bonde ikazama. Niliita tena. Jirani mmoja, mwanamume aliyekuwa akikama kule chini, akanijibu kutoka kwenye ukungu:

"Wewe wa vitabu! Rudi ndani utashikwa na homa!"

"Nipelekee habari ng'ambo!"

"Nini? Mbuzi?"

Nilipogeuka mama alikuwa tayari amejifunga leso na kuvaa viatu vya mpira. Aliteremka mbele yangu bila kungoja. Nilimfuata, nikivuka kijito kwenye mawe yenye utelezi, na nilikuwa nimeshapanda nusu ya mlima wa pili ndipo wazo likanipiga: tunatembea. Ni asubuhi, kuna umande, na mama hasemi.

Susu alikuwa uani akipepeta maharagwe. Alituona tukitoka kwenye ukungu. Aliona viatu. Akamtazama mama usoni, akangoja neno, na neno halikuja. Uteo ukamtoka mikononi.

"Mwanangu," alisema, kwa sauti ndogo sana. Kisha akapiga yowe.

"Susu, hapana! Hakuna msiba," nikamwambia. "Tumekuja kwa sababu ya shule."

"Ndivyo wanavyosema!" alilia. "Hata kwa kaka yake walisema hakuna neno! Niambieni ni wapi! Ni Emali? Ni Voi?"

"Susu, kaa chini kidogo nikueleze."

Nilipotamka hayo nilijua nimeharibu. Kaa chini. Susu akaanguka magotini. Mjukuu wake akatoka zizini na ndoo, akasimama. Wanawake wakaanza kufika kutoka nyumba za jirani, wengine bado wanafunga vitambaa kichwani, na wote wakamshika Susu kama inavyopaswa. Mmoja alikuwa ameshaanza wimbo wa kanisani. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kulia, na jua lilikuwa linapanda nyuma ya ukungu.

Mama aliwatazama. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliwapa wote mgongo, akaenda mpaka ukingo wa ua, akaelekeza uso bondeni. Akaweka kiganja kando ya mdomo.

"Mama, usi—"

Akaita.

Haikuwa ile sauti ya zamani. Ilikwaruza kama bati linaloburutwa kwenye saruji, na katikati ilikatika kabisa, akavuta pumzi, akaendelea. Wazazi wote wa gredi ya tisa. Shuleni leo. Kabla ya saa sita. Njooni na watoto. Alivuta mwisho wa kila neno kama siku zote, ingawa aliyemwitia alikuwa hatua chache nyuma yake.

Kilio kikakoma. Na kutoka chini, katikati ya wanawake waliomshika, mdomo wa Susu ukajibu kabla yeye mwenyewe hajajua:

"Nimesikia!"

Hakuna aliyecheka. Kinachoitwa si kifo, na pale uani hapakuwa na mtu asiyelijua hilo. Susu alikaa akihema, machozi yakimteremka. Kisha akafuta uso kwa upindo wa nguo.

"Mwakilishi," alisema, "umeniua na kunifufua na sijanywa hata chai."

Akamgeukia mjukuu. "Wewe unaangalia nini? Nenda ukanawe miguu."

Walifika shuleni mapema vya kutosha. Mwalimu alimwambia Susu, kwa upole, kwamba habari ilikuwa kwenye kikundi tangu jana. Susu alimjibu kwamba kikundi chake yeye ni mama wa ng'ambo. Kisha msichana akachagua sayansi.

Sauti ya mama haikurudi. Daktari alituuliza nini kilitokea, nikaeleza, na mama akatazama dirishani muda wote niliokuwa nikieleza. Sasa anapumua maneno, na mimi ninayarudia kwa wageni. Habari za shule naziita mimi. Yule jirani bado ananiuliza kama nimepoteza mbuzi.

Msichana alikuja kutuaga Januari, siku ya kwenda shule aliyopewa, mbali huko Kitui upande wa Nuu, kwenye ng'ombe wengi. Tulimsikia kabla hajafika. Aliita tangu kijitoni, "Ni mimi! Ni heri!" ili mtu asiogope. Aliingia na sanduku lake la bati, sketi mpya ikimpita magoti.

"Mama, bado inauma?"

Mama akatikisa kichwa.

"Na nani ataniitia Susu wakifunga shule?" Alikuwa ananiangalia mimi.

"Nitamwita."

"Basi uite polepole. Unakimbiza maneno."

Mama akacheka, mabega tu. Kisha akamshika msichana kidevu, akafungua mdomo. Tulingoja. Aliufunga tena, akamvuta kifuani, akamwachilia.

Msichana akabeba sanduku akatoka, akiacha mlango wazi. Ukungu ulikuwa unaingia ndani, na baridi haikuwa nzuri kwa koo la mama. Msichana akaliweka sanduku chini, akarudi, akauvuta mlango mpaka ukafungika.