Ndege Aliyenizoea Bwawani

Mkiniona nazunguka nyuma ya kanisa ili nisipite penye banda la maandazi, jueni ni aibu, na aibu yenyewe nililetewa na watu wawili, Chilongani mvuvi na Mama Yusta wa maandazi, nawataja na wakitaka waje.

Tangu ile ajali ya basi iliyomchukua mke wangu ikaniacha mimi na jicho moja (na hilo lililobaki nalo linajikokota), kipupwe kikianza najifunga blanketi alfajiri naenda kutazama bata mwitu kwenye bwawa letu huku Buigiri. Nikikohoa tu, wote wanaruka. Ila mwaka huu alikuwepo mmoja mweupe, mnene, katikati ya maji, haruki. Nakohoa, katulia. Nikaanza kumsalimia, "Mbukwa!", namweleza nimelalaje, naye anatikisika kidogo hivi, nikajua ananisikia. Chilongani, anayetega nyavu zake palepale, akaniambia, "Huyo kakuzoea wewe, Baba Neema. Sisi wengine hatutaki."

Kosa langu ni kumwambia Mama Yusta. Nilitaka tu mtu aniulize habari nyingine, isiwe ya ajali. Basi Jumapili baada ya ibada akaja na kwaya nzima, na sare zao, nami nikatangulia mbele kama mwenyekiti wa kijiji, nawaambia nyamazeni, mtamtisha.

"Mbona hana shingo?" Mama Yusta akauliza.

"Kaikunja. Huoni baridi hii?"

"Na hiyo kamba?"

Chilongani akaingia majini mpaka kiunoni, akamnyanyua ndege wangu kwa mkono mmoja. "Baba Neema, ana mfuniko!"

Dumu la mafuta ya kula! Boya la nyavu zake, kaliweka mwenyewe, na siku zote ananiona nalisalimia.

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye vumbi na sare zao, wanawake wa sauti ya pili wakaanza, "Shikamoo, dumu!", na mimi mjinga nikacheka nao, ili wasiondoke upesi. Wakaondoka.

Nimeapa, kinachonifariji sikionyeshi tena mtu. Kesho yake nilikwenda, Chilongani kashahamisha nyavu, nikakohoa, bata wakaruka wote. Nikakaa palepale mpaka jua likawa kali, maana hata nyumbani hakuna wa kuniuliza nilikuwa wapi.