Bibi Asiyekuwa na Kadi

Mchungaji ameniomba niwaandikie walimu wapya wa shule ya Jumapili ukurasa mmoja wa mawaidha. Ukurasa mmoja tu, alisema, ya kufanya na ya kuepuka, kwa kuwa mimi nimekaa na watoto wa kanisa letu kuliko mtu mwingine yeyote. Nikakaa mezani nyumbani kwangu Tudor, nikaanza kwa mbio. Wapeleke watoto msalani kabla ya somo, si katikati yake. Usigawe juisi kabla ya maombi, la sivyo utaomba peke yako. Usiwaulize watoto arobaini "nani anajua?", kwa sababu wote wanajua na wote watakueleza kwa pamoja. La nne nikaandika, "Usimkabidhi mtoto kwa mtu asiye na kadi." Hapo kalamu ikasimama. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara tatu, na bado sijui kama nasema kweli.

Kazi yenyewe sikuiomba. Nilikosa mkutano mmoja kwa sababu ya homa, na kwetu asiyekuwepo ndiye hupewa kazi ambayo waliokuwepo wameikwepa. Kanisa letu liko Kizingo, na waumini wengi huja na magari. Siku zile ibada ikiisha wazazi walikuwa wakipiga honi nje, watoto wakitimka kila mmoja na upande wake, nami katikati nikipiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia. Jumapili moja baba mmoja alifika kwake, akageuka kutazama kiti cha nyuma, akakuta amebeba watoto watatu naye anao wawili. Kanisani walicheka sana. Mimi nilicheka nao, kisha nilipofika nyumbani nikaanza kuwaza ni mtoto gani mwingine angeweza kupotea hivyo.

Ndipo nilipokwenda semina ya walimu, nikarudi na habari ya kadi. Kadi mbili zenye namba moja: moja inabanwa kwenye nguo ya mtoto kwa pini, ya pili anabaki nayo aliyemleta. Asiye na kadi hapewi mtoto, hata awe nani. Nilizikata mwenyewe kutoka kwenye kalenda kuukuu. Wazazi walinung'unika, nami nikakaza uzi. Mke wa mzee mmoja wa kanisa nilimrudisha garini juani akatafute kadi yake, na mwanawe amemshika mkono. Nasema ukweli, siku hiyo nilijiona jemadari.

Sasa ile Jumapili. Kulikuwa na msichana wa miaka sita, mkazi wa huku kwetu Tudor, aliyeimba kwa sauti kubwa isiyofuata wimbo wowote. Alichora kwa mkono wa kushoto, na kila alichochora kilikuwa na kofia, hata samaki. Asubuhi hiyo aliletwa na babake peke yake, kwa sababu mamake alikuwa na mimba iliyokaribia. Watoto wote walichukuliwa, yeye akabaki. Nikapiga simu ya baba, imezimwa. Simu ya mama iliita hadi ikakatika. Nikampa karatasi nyingine achore.

Kisha bawabu akaja kuniambia kuna mtu langoni ananitaka na hataki kuingia. Nikatoka na mtoto. Nje ya lango alisimama bibi wa makamo, buibui lake safi, uso wazi, jasho likimtiririka. Akaniamkua taratibu kama tulio na siku nzima: hujambo, hawajambo nyumbani, kazi je. Nikaitika yote. Kisha akasema, "Nimekuya kumtukua mjukuu wangu. Mamake yu hospitali, uchungu umemshika. Jirani yao amenipigia simu sasa hivi."

Nikamwomba kadi. Akaniuliza kadi gani. Nikamweleza, na nikiwa nasema nilijisikia mjinga, lakini niliendelea. Akanisikiliza hadi mwisho. "Mimi ni bibiye," akasema. "Nimemzaa mamake. Nakaa Ndia Kuu, Mji wa Kale, uliza yeyote."

Nikamwinamia mtoto. "Unamjua bibi huyu?"

Mtoto akamtazama kwa muda, akatikisa kichwa, akajificha nyuma ya gauni langu.

Kama angemkimbilia, labda ningesema basi, kadi ni karatasi tu. Lakini alijificha, na nilihisi vidole vyake vikinishika. Nikamwambia yule bibi, "Niwie radhi, mama. Siwezi." Hakubishana. Alichungulia upande wangu, akamwona mtoto jicho moja na nusu ya uso, akatazama hapo kwa muda mrefu. Kisha akaniambia, "Haya, mwanangu. Mungu akuweke," akageuka akaenda kutafuta tuktuk.

Baba wa mtoto alifika saa tisa alasiri, shati limemganda mgongoni. Mtoto wa kiume, mama salama. Nikampongeza, nikamsimulia juu ya yule bibi. Akakaa kwenye kiti kimoja cha watoto, magoti yakamfika kidevuni.

"Ni mama mkwe," akasema. "Huyu mtoto hajapata kumwona."

Yeye ni Mgiriama na Mkristo, mkewe katoka nyumba ya Waislamu wa Mji wa Kale. Mama mkwe hakuwa radhi na ndoa ile, bintiye akaolewa hivyo hivyo, na tangu siku hiyo hakuna aliyeukanyaga mlango wa mwenzake. Miaka saba. Jirani anayejuana naye alipompasha habari, yule mama alitoka bila kumuuliza mtu, akaja hadi lango la kanisa.

Babake akamchukua mtoto wakaenda. Waliposhika njia ndipo nilipokumbuka kwamba hata yeye hakunipa kadi. Baadaye nilikuja kusikia ilibaki katika nguo alizobadilisha, lakini pale mimi sikumwuliza, kwa sababu namjua. Basi hiyo sheria yangu ilikuwa ya nani? Ya wasiojulikana tu? Nilichanganyikiwa, nami sipendi kuchanganyikiwa, hunifanya mkali. Nikamfokea bawabu kuhusu bomba la maji ambalo halikumhusu.

Nikamwendea mchungaji. Akasema nimefanya vyema, mtoto ni amana. Mwalimu mwenzangu akasema nimemwaibisha mtu mzima mbele ya kanisa, na damu nzito kuliko maji. Wote wawili niliwakubalia, na kila mmoja nilipomkubalia nilimaanisha. Wiki ile nilikuwa nikiosha vyombo nasema, "Ulifanya sawa," na kabla sijamaliza sufuria nasema, "Ulifukuza mtu aliyekuja kwa miguu ya miaka saba."

Jumamosi nikafunga safari hadi Ndia Kuu. Niliuliza kwa muuza vinyago mmoja, akanielekeza bila hata kufikiri. Yule bibi alinifungulia mwenyewe, akanitambua, akanikaribisha ndani kana kwamba nilialikwa. Masalkheri, akheri, habari za wazazi, za jamaa, za afya. Ikaja kahawa, vikaja vileja. Kila nilipofungua mdomo kuomba radhi alinisogezea sahani. Sikujua kama nimesamehewa au nimezuiliwa nisiseme. Watu wa mji huu wakikukasirikia hukukirimu, na wakikupenda hukukirimu, na mimi niliyezaliwa hapa hapa bado sijaweza kutofautisha.

Mwisho nikasema kwa haraka, "Mama, nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini? Hukunijua." Akapangusa mkeka ambao haukuwa na kitu. "Wasema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu mwenyewe simjui."

Kisha akaanza kuniuliza. Yuapenda nini? Huogopa mbwa? Nywele hukubali kusukwa? Nikajibu yote, na nilivyozidi kujibu ndivyo nilivyozidi kuona haya, kwa kuwa mimi mwalimu wa saa mbili kwa wiki nilimjua kuliko yeye. Nikamweleza juu ya samaki mwenye kofia. Akacheka hadi akashika kifua. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Na huandika kwa mkono upi?"

"Wa kushoto."

Akatazama mikono yake. "Mamake alikuwa hivyo. Nilikuwa nikimfunga ule mkono kwa kipande cha leso wakati wa kula, ale kwa wa kulia. Alikuwa akilia sana." Akanitazama. "Nanyi mwamfunga?"

"Hapana, mama. Hatumkatazi."

"Mwateni," akasema. "Mwateni vivyo hivyo, msimfunge."

Nilipoinuka alinitajia namba yake ya simu, niandike, siku mtoto akiugua pale kanisani na wazazi hawapatikani. Niliandika. Njiani nilifurahi mpaka Makadara, kisha nikakumbuka tuliyofundishwa semina, kwamba habari za mtoto hazitoki nje bila idhini ya mzazi. Mimi nilikuwa nimezimwaga zote juu ya mkeka, pamoja na vileja. Sheria niliyoishika ilikuwa imemuumiza mtu, na niliyoivunja ilikuwa imemchekesha. Nilishindwa kujua niogope ipi.

Arobaini ya uzazi ilipokwisha mama mtu akaja kanisani, mtoto mchanga kifuani. Nilingoja watu watoke, nikamwambia kila kitu. Sikutaka aje kusikia kwa jirani.

Alikasirika kama nilivyotarajia, halafu zaidi. "Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Mimi mlango ule nimeshindwa kuubisha miaka saba, wewe unaingia kunywa kahawa? Na kumpa habari za mwanangu?"

Nikamwambia nimekosa, na akitaka kumpeleka mtoto kanisa jingine simlaumu. Hilo lilikuwa kweli, na liliniuma kulisema, maana nampenda yule mtoto. Mama akaanza kukusanya vitu vyake, kanga, chupa, kofia ya mchanga. Akafika mlangoni akasimama, amenipa mgongo.

"Alikuuliza nini juu ya mwanangu?"

Nikamtajia. Mbwa, nywele, samaki. Nikasita.

"Na nini tena?"

"Anaandika kwa mkono gani. Nikamwambia wa kushoto, na hatumkatazi."

Hapo aligeuka. "Akasemaje?"

"Akasema mwateni."

Alikaa kitako kwenye kile kiti kidogo cha watoto. Hakulia. Alikuwa akimpapasa mchanga mgongoni na kutazama ukutani, mahali nilipobandika michoro, na sikujua nikae naye au nitoke. Nikakaa, kwa sababu viatu vilinibana. Baada ya muda akaniambia nimpe daftari la watoto.

Katika daftari kila mtoto ana safu zake: walioruhusiwa kumchukua, uhusiano wao, na simu. Kwa msichana huyu palikuwa na majina mawili tu. Mama akanipa mchanga nimshike, akachukua kalamu. Akaandika jina la tatu, polepole, na mbele yake akaandika "bibi". Alipofika safu ya simu kalamu ikabaki hewani.

"Namba ya mamangu siijui," akasema.

Nikatoa simu yangu mkobani kwa mkono mmoja, mtoto akinilalia begani, nikamsomea tarakimu mbili mbili, naye akaandika. Alipomaliza akaniomba nirudie. Nikarudia yote, na alikuwa ameiandika sawasawa tangu mwanzo.