Mtandao wa Kuanika

Juzi mvua ilipiga Molo mpaka mtandao ukapotea mji mzima. Katika agroveti, duka la dawa za kilimo nilikojikinga, mama mmoja aliweka kwenye kaunta jani la kiazi lenye madoa meusi. "Shamba lote linaenda hivi. Niambie ni nini."

Muuzaji alifungua kompyuta, na ukurasa wa magonjwa ya viazi ukatokea na picha zake zote.

"Network umetoa wapi?" nikamuuliza.

"Sina, boss. Kuna ekstenshen, kaprogramu kadogo, niliweka kwa brauza. Network ikiwa iko, inanihifadhia kurasa nisome hata ikipotea."

Mama akapiga makofi. "Kumbe mtandao unaanikwa mapema, kama mahindi!"

Jani likalingana na picha. Mama akatoka na dawa ameikumbatia. Mimi bado nilikuwa nimeinua simu juu nikitafuta network, kama mtu anayeombea mvua. Na mvua ndiyo hiyo, inanyesha.