"Go" ya Mama

Nilikuwa na mwaka wa tatu nikifundisha Kiingereza shule ya Mtambile nilipokubali, kwa ujinga wangu, kufungua darasa la watu wazima Jumamosi asubuhi. Walikuja kina mama kumi na mmoja, na mmoja wao ni mama yangu mzazi. Hakuwa na haja ya Kiingereza. Alisema anataka kuona hasa nalipwa kwa kazi gani.

Siku hiyo nilianza na sentensi kamili. Nikasimama kifua mbele, nikatoa hukumu kama kadhi: sentensi ya Kiingereza haikamiliki bila kiima na kitenzi. Sisi tukisema "Wamelala," neno moja linatosha. Kwao lazima "They are sleeping," na ukimtoa huyo "They," umebaki na maiti bila kichwa. Kina mama wakainama kunakili. Baadaye niliona wengine wameandika na maiti.

Nikawataka kila mmoja aandike sentensi fupi. Mama aliandika "Go." Herufi kubwa ipo, nukta ipo. Nikampiga kosa kwa wino mwekundu.

"Kosa langu nini, Mwalimu?" Neno hilo la mwisho alilitamka kama anatema kokwa.

"Haina kiima, Mama. Nani anakwenda?"

"Wewe."

"Lakini hukuniandika."

"Nikuandike wa nini na uko mbele yangu? Nikikwambia 'Toka!' huwa unasimama kuniuliza nani atoke?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nikasema sheria ni sheria, nikageuka kufuta ubao usio na kitu.

Mchana nikafika nyumbani na njaa yangu. "Mama, chakula?"

"Chakula kimefanya nini?" akajibu bila kuinua uso. "Hiyo haina kitenzi."

Nikameza mate. "I want food."

"Hapo sawa. Basi muhogo umekwisha."

Kwa hasira nikakifungua kitabu cha sarufi ili nimwoneshe kosa lake. Kurasa chache mbele ya pale nilipozoea kuishia, nikakuta: amri ni sentensi kamili, kiima chake ni "you," hakitajwi kwa kuwa kinajulikana. Nikakifunga taratibu. Niliwafikiria watoto wote niliowapiga kosa kwa miaka mitatu.

Jumamosi iliyofuata nilikiri mbele ya wote. Mama akanisogezea daftari. "Futa."

"Wino haufutiki, Mama." Nikampigia vema kando ya kosa, nikataka na kumwandikia "you" juu yake, ieleweke. Akafunika ukurasa kwa kiganja.

"Usinipachikie mtu kwenye sentensi yangu."

Bi mmoja aliyekaa nyuma, mkulima wa mpunga, akanyoosha mkono. "Na 'Rain' je, imekamilika?"

"Hapana, Bi. Hilo ni jina tu, mvua."

"Na kama naiamrisha inyeshe?"

Nikawaambia wakapumzike, ingawa kipindi kilikuwa kimebakiza nusu saa nzima.