Geuza Bafle Kwanza

Ile siku baba yako alipoleta ampli kubwa nyumbani kwetu Swima, kando ya ziwa, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu yake. Juzi ulinipigia simu kutoka Uvira ukaniambia ampli ya saloni yako, pale mnapopokelea wageni, imekufa, ile yenye kukuza sauti ya filamu na kuigawa kwenye bafle zako zote, hizo spika za masanduku, na kwamba unatafuta nyingine yenye nguvu kabisa. Nilicheka, ukanuna, nikakuita uje. Haya, nunua baadaye. Kaa kwanza nikueleze nilichochekea.

Nilikuwa msichana bado. Babu yako, baba yangu mimi, alikuwa amefanya kazi ya moteri za maboti maisha yake yote, huku Swima na Baraka na ng'ambo kule Kigoma, mpaka magoti yakamkatalia. Masikio nayo yalikuwa yamechoka. Ukitaka akusikie ulisimama mbele yake ukasema taratibu. Alipokuja kukaa nyumbani, kitu alichokipenda kuliko vyote, ukitutoa sisi watoto wake, na kuna siku hata hapo nilikuwa na wasiwasi, ni bafle zake mbili. Masanduku yake ya mbao yalitengenezwa na mdogo wake, baba yetu mdogo, seremala wa Mboko aliyekufa angali kijana. Hakuacha mke wala mtoto. Aliacha zile bafle. Mama alizipangusa kila asubuhi kabla hajagusa sufuria, na ole wake atakayeweka glasi juu yake.

Msimu mmoja wa mvua radi ilipiga karibu, ikapita kwenye waya, ikaua ampli. Bafle zilipona, lakini nyumba ilinyamaza. Baba alikaa kwenye kiti chake pembeni yazo. Ukimuuliza kama anaumwa, anakujibu, "Hapana, niko muzuri tu," halafu anageuzia uso dirishani. Chakula alikuwa anakichezea.

Wakati huohuo baba yako alikuwa ananitaka. Alikuwa anabeba watu kwa pikipiki kati ya Baraka na Fizi, kijana mtanashati, mwenye maneno mengi, anapiga honi toka mbali ili nijue anapita. Sitakuficha, na mimi nilikuwa namtaka. Lakini baba hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Alisema tu, "Ule kijana iko na makelele." Na mpaka baba aseme, wazee wa kwao wasingeweza kuja kujitambulisha, na wasipokuja hakuna ndoa. Shangazi zangu walishaanza kunitajia jina la mtu mwingine, mtu mpole wa kuonea huruma, ambaye nilikuwa simtaki hata kidogo.

Basi baba yako aliposikia ampli imekufa, akaona mlango umefunguka. Alifikiri hivi: mzee hasikii vizuri, kwa hiyo mzee anahitaji nguvu. Ukimsikiliza unaona ana haki, na hapo ndipo ubaya ulipo. Akaenda Uvira, akarudi na ampli imefungwa nyuma ya pikipiki kwa mipira, nzito, nyeusi, mbele imeandikwa wati mia nne kila upande kwa rangi ya dhahabu.

Ilikuwa mchana, jirani alituwashia grupu yake ya kutoa umeme, na nusu ya Swima ilijaa kwenye uwanja wetu kuangalia. Baba yako akaunga waya zake huku akiongea. "Papa, hii itaamusha hata batu ba ku Mboko." Baba akatabasamu kidogo, na mimi roho ikanitulia. Musiki ikaanza, ikawa tamu kweli. Baba yako akaongeza. Watu wakashangilia, akaongeza tena. Ile bafle ya kushoto ikaanza kukoroma. Nilimfanyia ishara apunguze, akanikonyeza, akadhani nacheza. Mara ikatoka harufu ya waya unaoungua, na bafle ikanyamaza.

Baba alisimama, na kusimama kwake hakukuwa kazi ndogo. Akapitisha kiganja juu ya mbao kama unavyompapasa mtoto mwenye homa. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja bila kuaga.

"Mutoto wangu," akasema, "hii namba ya mbele ya ampli uliisoma?"

"Ndiyo, Papa."

"Na ya nyuma ya bafle?"

Baba yako akaanza kuzichomoa waya zake.

"Mudogo wangu aliandikaka pale nyuma na mukono yake. Wati makumi nane. Ulileta kitu mu nyumba yangu, hukuuliza mu nyumba muko nani."

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Baba yako alikosa pa kuweka uso. Akabeba ampli yake akaondoka akiisukuma pikipiki, hata kuiwasha aliona aibu. Mimi nililia mpaka macho yakavimba. Shangazi wakaja jioni, wakaniambia niyakubali mambo kama yalivyo.

Nilidhani hatarudi. Akarudi, kimya, bila honi, mkononi ana turnavisi ya kufungulia skrubu peke yake. Akasimama mlangoni. "Papa, sikuleta kitu. Nilikuya kuuliza."

Baba alimwacha amesimama muda mrefu, mama akawa anakohoa huko ndani kama kwamba kohozi linamkaba. Mwishowe baba akaonyesha bafle kwa kidevu. Wakaigeuza wote wawili, mzee na kijana, taratibu, wakasoma yale maandishi: wati makumi nane, omu nane, kile kipimo cha namna bafle inavyouzuia umeme. Baba yako akaifungua. Mbao ilikuwa haina ufa. Kilichoungua ni kile kikombe cha karatasi kinachotoa sauti, na waya wake mwembamba wa ndani. Akakipima kwa uzi. Halafu akauliza swali ambalo hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kuliuliza.

"Papa, we unasikilizaka namna gani?"

Baba akamtazama. "Masikio ilikufaka na moteri," akasema. "Naona munafikiri nasikia kidogo. Mi musiki siisikiake tena hata kidogo. Naweka mukono hapa, juu ya mbao, inapita, inanifikia. Ikiwa nguvu sana, mbao yote inatetemeka, sijue tena nani anaimba, nani anapiga gita. Mi sitakake nguvu."

Nilikuwa nimesimama na sinia mkononi. Kila siku nilimwona ameweka kiganja pale, nikadhani anamkumbuka mdogo wake. Kumbe alikuwa anasikiliza. Nilimpikia, nilimfulia, nililala nyumba moja naye, na sikuwa najua. Nilipomwangalia mama nikaona kwamba yeye alijua siku zote.

Baba yako aliporudi tena alikuwa na kikombe kipya cha kipimo kilekile, na ampli ya kawaida tu, isiyo na dhahabu yoyote, ya kulingana na zile bafle. Akaunga. Safari hii hakuongea. Akaanza kwenye sifuri, akawa anaongeza kidogo kidogo, na macho yake hayakuwa kwenye kifungo wala kwenye taa. Alikuwa anautazama mkono wa baba yangu. Baba akainua kidole kimoja. Baba yako akaacha hapohapo.

Tulikaa hivyo mpaka wimbo ukaisha. Baba amefumba macho. Halafu, bila kuyafumbua, akasema, "Uambie bakubwa ba kwenu bakuye."

Nilikimbilia jikoni nikalia ndani ya moshi, ili wasiseme binti wa fulani hana haya.

Sasa sikia, mwanangu, kabla hujaingia dukani. Geuza bafle zako zote, za mbele, ya katikati, na zile ndogo za nyuma, usome wati zake na omu zake. Ukifika dukani, usidanganywe na namba kubwa ya usoni, hiyo ni ya kujipiga kifua. Uliza ampli inatoa wati ngapi mfululizo bila kuchoka, kwa kila bafle. Ikaribiane na za bafle, au izidi kidogo. Na usije ukachukua dhaifu mno ukidhani umejikinga, maana utaifungua mpaka mwisho, sauti itapasuka, na utaunguza vile vikombe vidogo vya ndani vinavyotoa sauti nyembamba. Na omu za bafle zisiwe chini ya zile ampli inazosema inaweza. Hayo baba yako alinifundisha mwenyewe, na alijifunza kwa aibu.

Lakini sikukuita kwa ajili ya ampli peke yake. Umeoa mwaka huu. Umeingia kwa watu, na watu wameingia kwako. Kabla hujaleta nguvu zako, mapenzi yako, zawadi zako, uliza kwanza aliyemo anabeba nini, na anasikia kwa njia gani. Muulize mke wako. Muulize mama yake. Usimkadirie mtu kwa kumwangalia tu, hata kama mnalala nyumba moja.

Nenda salama, kijana wangu. Mungu aijaze nyumba yako sauti za kuitosha, ampe mke wako ujasiri wa kukuinulia kidole, nawe akupe macho ya kukiona. Na siku ukizeeka, masikio yakakuacha, akuletee mtu wa kukuuliza unasikiaje.