Jina la Juu Kabisa Ubaoni

Ngo! Kengele ya sekondari yetu, kipande cha reli kutoka shamba la mkonge, ililia mara moja kabla ya kucha, na mtaa wetu wa pembeni mwa Korogwe ukaamka na majembe. Ilikuwa siku ya msaragambo. Tulikwenda wote, bila ujira, kumalizia darasa la mwisho.

Saa nne nilimkuta mama mmoja ofisini, udongo umemkaukia mikononi. Mchoraji alikuwa akiandika ubao wa waliojenga shule. Juu kabisa aliacha nafasi ya marehemu aliyetoa shamba lake.

"Shikamoo, mama," mchoraji akasema. "Wote wanamwita Mzee wa Shamba tu. Jina lake hasa nani?"

"Marahaba. Ni baba mkwe wangu huyo, mwanangu. Sijamtaja tangu niolewe. Msubiri mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Msibani Kwedizinga. Atarudi kesho."

"Basi langu la Segera ni saa sita, mama! Niandike 'Mkwe wa Mama'?"

Ofisi nzima ikacheka. Yeye akatazama dirishani, wanafunzi wakipokezana matofali.

Ujamaa tunauimba sote, ila nawajua watu ambao wakitoa mfuko mmoja wa saruji hutaka kutajwa redioni. Huyu alitoa shamba zima, na nyumbani kwake jina lake halitamkwi na mkwe, kwa kumheshimu.

"Atanisamehe," mama akasema. "Hawa wote ni wajukuu zake. Watamjuaje?"

Akavua kandambili, akajifunika kanga usoni, akageukia ukuta.

"Mhina," akasema.