Fundi wa Sare Anayezalisha Malkia wa Nyuki

Saa tatu asubuhi. Mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ili chumba kisikauke. Fundi ameinamia sega, miwani puani, unyoya mkononi. Anachota buu wa siku moja, mdogo kuliko nukta, na kumlaza ndani ya kikombe cha nta.

"Usinisemeshe," anamwambia mwandishi. "Nikimgeuza huyu, amekufa."

Buu wa ishirini na nne akishalala, anashusha pumzi na kucheka.

Kwa miaka kumi na tisa mama huyu alishona sare za shule. Mumewe alipofariki, alimwachia mizinga thelathini. Ukame wa mwaka ule ukabakiza saba, na minne kati yake haikuwa na malkia.

"Kundi lisilo na malkia utalijua kwa sauti," anasema. "Ni kama nyumba yenye msiba."

Shemeji yake, mfuga nyuki wa siku nyingi, alimtaka auze mizinga iliyobaki; mama akajibu kwamba atazalisha malkia mwenyewe. "Shemeji, malkia huletwa na Mungu, hashonwi kwa cherehani," alimwambia mbele za watu.

Maneno yale yalimchoma. Akamfuata afisa ugani mstaafu, akajifunza kwamba yai la malkia na la nyuki kibarua ni lile lile. Kinachowatenganisha ni malezi: buu anayelishwa maziwa ya nyuki mpaka mwisho, katika chumba kipana, hutoka malkia.

Jaribio la kwanza, nyuki walivikataa vikombe vyote. La pili, malkia aliyetangulia kutoka aliwaua wenzake wangali ndani.

"Nilichelewa siku moja tu kuwatenga. Nililia, usione hivi."

La tatu, malkia mmoja aliruka, akapandwa na madume angani, akarudi. Siku chache baadaye fundi alifunua mzinga, akaona yai moja moja kila chumba. "Nilipiga kelele mpaka mkamwana wangu akadhani nimeumwa!"

Leo ana mizinga arobaini na mmoja. Mwezi uliopita shemeji alibisha hodi. Makundi yake sita yalikuwa yamepoteza malkia.

"Nimekuja kwa fundi," alisema.

"Sikumkumbusha lolote," anasema fundi. " Nilimfungia malkia sita, nikamwambia awabebe polepole."

Malkia wake wote ni uzao wa mizinga mitatu iliyostahimili ukame bila kupoteza malkia. Fundi anataka damu hiyo ifike katika kila mzinga wa jirani kabla ya miaka mitatu kwisha, na ameshaanza kuwafundisha washonaji wenzake wanne.

"Ukame utarudi," anasema, akivuta sega lingine. "Utukute tupo."